Pembe za Kitui, Kasri za Unguja

Mpenzi msomaji, likizo inapokaribia kila mzazi wa mjini hulijua swali litakalomngoja mezani: mwaka huu tunakwenda wapi? Mwenye uwezo hutaja Mombasa. Mwenye uwezo zaidi hutaja Unguja, akawaahidi watoto kwamba safari hii watayaona majumba ya masultani kwa macho yao wenyewe. Watoto hufurahi, maana habari za wafalme wamezisoma vitabuni tangu wakiwa darasa la pili.

Lakini huenda siku moja mmoja wao akauliza swali la pili, na hilo ndilo litakalokukwamisha tonge kooni: "Baba, mbona kwetu hakuna kasri?"

Ikiwa kwenu ni Kitui au Makueni, pengine utajibu upesi kwamba Wakamba hawakuwa na wafalme, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kasri. Jibu hilo ni kweli, ila halijatimia. Utakuwa umemwambia mtoto habari ya mlango, ukamficha habari ya nyumba. Makala haya yanakuomba uahirishe safari ya Unguja kwa muda, ujaze gari mafuta au ukate tikiti ya matatu, uende Ukambani siku mbili. Ukirudi utakuwa na jibu refu zaidi, na siku utakaposimama mbele ya kasri la sultani utajua unachokitazama.

KWANZA, TUANZIE BAHARINI

Wanaofika Unguja huonyeshwa majumba mengi. Lipo Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, likawa na taa za umeme na lifti wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwa imesikia habari za vitu hivyo. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Karibu yake lipo jumba lililogeuzwa kuwa makumbusho ya kasri mwaka 1994. Nje ya mji, ufuoni, yapo magofu ya Maruhubi, na mbele kidogo magofu ya Mtoni, makao ya Seyyid Said, yule mtawala wa Oman aliyeuhamishia utawala wake Unguja na kufariki mwaka 1856. Ni hapo Mtoni alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844.

Mgeni akizungushwa katika majumba haya huelezwa habari za milango ya kuchongwa, hamamu na wake wa sultani. Ni nadra kuelezwa habari za mfuko uliolipia hayo yote. Mfuko huo ulijazwa na mambo matatu makubwa: karafuu zilizolimwa kwa jasho la watumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba, biashara ya watumwa wenyewe, na pembe za ndovu. Karafuu zilikua kisiwani. Ndovu hawakuwako kisiwani. Pembe zilitoka bara, na kila frasila, yaani kilo 16 hivi, iliyopita katika forodha za sultani ilimwachia chochote.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Brazili, watalii humiminika kuuona mji wa kale wa Ouro Preto, wenye makanisa na majumba yaliyosimama kwa dhahabu iliyochimbwa na watumwa waliotolewa Afrika. Kila penye jumba la fahari la enzi zile, uliza mali ilitoka wapi, nawe utajikuta umefika mbali na jumba hilo.

Kwa upande wetu, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ukiuliza pembe zilizoteremka Mombasa zilitoka wapi, jibu mara nyingi lilikuwa Ukambani.

KITUI: MJI WA TAJIRI ASIYEACHA JUMBA

Kutoka Nairobi hadi Kitui ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Ondokeni alfajiri. Mkifika, msiwe na haraka ya kutafuta hoteli, bali tafuteni mahali palipoinuka mtazame vilima na mabonde.

Katika vilima hivi aliishi Kivoi. Wazungu walimwita chifu, lakini Wakamba hawakuwa na chifu wala mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Kivoi alikuwa mtu mkubwa kwa njia nyingine. Alikuwa mfanyabiashara. Alijua kusema na watu wakamsikiliza, alikuwa na wafuasi wengi, na misafara yake ilijulikana kutoka nchi za ng'ambo ya Mto Tana hadi pwani.

Fikiria jinsi biashara hiyo ilivyokwenda. Mwindaji Mkamba hakuwa na bunduki. Alikuwa na upinde, na mishale iliyopakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti, ambao Wakamba huuita kivai. Kwa silaha hiyo alimwangusha ndovu. Pembe zikakusanywa, nyingine zikanunuliwa kwa majirani, kisha vijana wakazitia mabegani wakashika njia. Kutoka Kitui hadi Mombasa, hata kunguru akiruka moja kwa moja, ni kilomita zipatazo 350. Wao walikwenda kwa miguu, wakavuka Athi, wakaikata nyika ya Taru isiyo na maji, mpaka Rabai na vijiji vya nyuma ya Mombasa. Huko walibadilisha pembe kwa nguo, shanga, na waya za shaba.

Nguo hizo nazo zina hadithi. Nyanya zetu walikuwa wakiita kitambaa fulani cheupe kigumu "amerikani". Jina hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Marekani, walikuwa wakileta vitambaa vya pamba Unguja na kurudi na pembe. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia sahihi mkataba na nchi hiyo, na mwaka 1837 Wamarekani wakafungua ubalozi wao mdogo Unguja. Pembe ziligeuzwa vitana, mipira ya biliadi, na vibonyezo vya piano. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba binti wa tajiri fulani ng'ambo alijifunza kucheza piano akigusa kwa vidole vyake jino la ndovu aliyeangushwa kwa mshale nyuma ya vilima hivi unavyovitazama.

Wakamba, basi, hawakuwa watazamaji tu wa biashara hiyo, wala si watu wa kuonewa huruma. Walikuwa wenye mali, na kwa miaka mingi ndio walioishika njia ya kwenda bara. Ilikuwa hadi katika miaka ya 1860 ambapo misafara ya wafanyabiashara wa pwani, yenye bunduki na mitaji mikubwa, iliwapokonya nafasi hiyo.

MGENI ALIYEONA KASRI NA KIJIJI

Kuna mtu mmoja aliyewahi kuketi na sultani wa Unguja na pia kuketi na Kivoi wa Kitui. Huyo ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la CMS. Mwanzoni mwa mwaka 1844 alimwendea Seyyid Said katika kasri lake huko Unguja, akapewa barua ya kumtambulisha kwa watu wa pwani. Kisha akafanya makao Mombasa na baadaye Rabai. Novemba 1849 alifunga safari ya Ukambani. Alipita eneo la Kikumbulyu, huko Kibwezi, akavuka uwanda wa Yatta, na baada ya zaidi ya wiki tatu akafika kwa Kivoi, Kitui.

Hakukuta kuta za mawe wala milango ya kuchongwa. Boma la Mkamba, hata awe tajiri namna gani, lilikuwa na nyumba za miti na nyasi, ua wa miiba, zizi la mifugo, na nje yake thome, yaani mahali pa moto wa wanaume ambapo wazee walikaa kuzungumza na vijana wakajifunza kwa kusikiliza. Mali ya Kivoi ilikuwa katika mifugo, katika jamaa zake, na katika watu waliokuwa tayari kumfuata. Nyumba za namna hiyo hudumu miaka michache tu. Mchwa huanza kazi, mvua humaliza.

Hata hivyo, Kivoi alimwachia mgeni wake kitu ambacho hakuna sultani aliyewahi kumpa. Alimweleza habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf akauona kwa macho yake kutoka Kitui. Alikuwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuuona. Wakamba waliuita Kiinyaa, jina linalohusishwa na manyoya ya mbuni dume, meusi yenye nyeupe, kama mawe na theluji. Wengine hulihusisha jina la mlima huo na Kirinyaga ya Wakikuyu. Almuradi, Krapf aliliandika kama alivyolisikia Ukambani, na kutokana na maandishi yake likasambaa hadi likawa jina la nchi nzima. Wataalamu wa London waliokaa vitini mwao walimcheka, wakisema theluji haiwezi kuwako karibu na mstari wa ikweta. Ilibidi Joseph Thomson aje auone mwaka 1883 ndipo ubishi ukakoma.

Kwa hiyo mtoto wako anapoandika neno "Kenya" juu ya daftari lake, anaandika neno lililoingia katika ramani za dunia kupitia kinywa cha watu wa Kitui. Je, hilo si jumba?

Mwisho wa Kivoi ulikuwa wa kusikitisha. Mwaka 1851 Krapf alirudi, na wawili hao wakaondoka na msafara kuelekea Mto Tana. Huko walishambuliwa na wavamizi. Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake. Krapf alipotea peke yake nyikani, akitembea usiku na kujificha mchana. Alipofika mtoni hakuwa na kibuyu, akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa nyasi na vipande vya suruali. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, akalazimika kutoroka tena usiku. Hatimaye alifika Rabai akiwa hoi.

Kabla ya kuondoka Kitui, wapelekeni watoto kwenye jabali la Nzambani, lililo karibu na mji. Kuna ngazi za chuma za kupandia hadi juu. Watasikia ile hadithi maarufu kwamba anayelizunguka jabali hilo mara saba hubadilika, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Watacheka, watajaribu mara moja au mbili, watachoka. Wakiwa juu, waambieni wageuke upande wa kaskazini na magharibi waitazame nchi ambayo Kivoi aliijua kwa miguu.

NJIA YA KUSINI: IKUTHA HADI KIBWEZI

Siku ya pili msirudi Nairobi kwa njia mliyojia. Shikeni barabara inayoteremka kusini kupitia Mutomo na Ikutha, ivuke Mto Athi na kutokea Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mnapokwenda mtakuwa mkifuata, kwa namna fulani, mteremko wa pembe kuelekea baharini. Tofauti ni kwamba ninyi mmeketi.

Ikutha palikuwa na kituo cha Walutheri wa misheni ya Leipzig kutoka Ujerumani katika miaka ya 1890. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Wajerumani katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza walikuwa adui, na kazi yao Ukambani ikaishia mikononi mwa misheni nyingine. Kibwezi nako kulianzishwa misheni ya Waskoti mwaka 1891. Homa iliwatesa sana, wakapoteza watu, na mwaka 1898 wakahamia Thogoto, Kikuyu, ambako kazi yao ilikua hadi ikazaa makanisa, hospitali na shule zinazojulikana hadi leo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mizizi ya Thogoto ilipandwa Kibwezi.

Miaka hiyo hiyo, Ukambani ulipatwa na njaa kuu. Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa jina, na hiyo ya mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Watu walikufa, wengine wakahama makwao wasirudi. Ukitaka kujua kwa nini koo fulani za Wakamba zina jamaa katika nchi za majirani, njaa hiyo ni mojawapo ya majibu.

MAKINDU: JUMBA LISILOFUNGA MLANGO

Kutoka Kibwezi geukeni upande wa Nairobi. Baada ya muda mfupi mtafika Makindu. Hapa kuna jengo ambalo kila dereva wa barabara ya Mombasa analijua, nalo ni hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926.

Historia yake ni historia ya reli. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza Mei 1896. Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India. Takriban 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na taabu nyinginezo. Makindu pakawa kituo muhimu cha reli, na Masingasinga waliofanya kazi hapo wakapata mahali pa kuabudu, kisha wakajenga hekalu.

Mpaka leo msafiri wa dini yoyote akiingia hupewa chakula bila malipo. Wapo wanaolala pia. Vua viatu mlangoni, funika kichwa kwa kitambaa, usiingie na tumbaku wala pombe. Chakula hakina nyama. Kula unachoweza kukimaliza, na ukiwa na sadaka utoe kwa hiari yako.

Waulize watoto wako: kati ya jumba ambalo mlinzi alisimama mlangoni kumzuia maskini, na hili ambalo maskini na tajiri huketi pamoja sakafuni wakala dengu, ni lipi lenye fahari zaidi? Waache wabishane, usiwajibie.

KIBOKO: NYUMBA YA MWINDAJI

Mbele kidogo ya Makindu mtafika Kiboko, penye chemchemi na migunga yenye magome ya manjano. Hapa ndipo mwindaji Mskoti, John Alexander Hunter, alipojenga nyumba ya wageni iliyobeba jina lake, baada ya maisha marefu ya bunduki. Alifariki mwaka 1963.

Mahali pazuri kupumzikia, lakini pana habari nzito. Katika miaka ya 1930 ardhi ya vilima vya Machakos ilikuwa imechoka. Masetla walikuwa wamechukua sehemu kubwa ya malisho, na watu na mifugo wakasongamana katika iliyobaki. Serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu kumtaka gavana awarudishie mifugo. Mifugo ikarudishwa, ila Mbingu akapelekwa uhamishoni Lamu.

Tatizo la ardhi halikwisha. Ndipo serikali ikageukia nyika ya Makueni, iliyojaa mbung'o na vifaru, ili iwahamishie watu huko. Hunter akaagizwa kuisafisha. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 aliua vifaru 996 katika eneo hilo. Tafadhali soma tena tarakimu hiyo. Ni vifaru karibu elfu moja, kwa bunduki ya mtu mmoja, katika miaka miwili. Leo Kenya nzima hutumia fedha nyingi, walinzi wenye silaha na ua za umeme kuhifadhi vifaru weusi ambao idadi yao haizidi sana hiyo.

Lakini usimhukumu kwa haraka mkulima aliyehamia Makueni. Alihitaji shamba. Machungwa na maembe ya Makueni unayoyanunua sokoni Nairobi yanatoka katika ardhi ambayo babu za watu waliingia wakiwa na panga na hofu ya mbung'o. Gharama ya shamba hilo ililipwa na kifaru, na kabla ya kifaru na mtu aliyenyimwa shamba lake la kwanza.

SULTAN HAMUD: SULTANI ALIPOKUJA KWETU

Sasa jua linaelekea kutua, na watoto wamechoka. Piteni Emali, mkifika Sultan Hamud msipite kwa kasi kama wanavyofanya wasafiri wengi. Simameni, mnunue maji, na mwulizeni mtoto aliyelianzisha swali: umewahi kujiuliza kwa nini mji wa Makueni unaitwa kwa jina la sultani?

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultan Hamad bin Thuwaini wa Unguja alifariki. Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zikafyatua mizinga. Vita hivyo, vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, havikufika hata saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, na kasri likabomolewa. Waingereza wakamweka kitini mtu waliyemtaka, Hamud bin Mohammed.

Ni Hamud huyo aliyekuja kuitazama reli ilipofika katika nyika hii mwishoni mwa miaka ya 1890, na kambi hiyo ikapewa jina lake. Tafakari jambo hilo, mpenzi msomaji. Nusu karne kabla yake, pembe kutoka Ukambani zilikuwa zikibebwa mabegani kwenda kuijaza hazina ya babu yake, Seyyid Said. Sasa mjukuu alikuja Ukambani, akiwa mgeni wa watu walioligeuza kasri la nduguze kifusi, kutazama chuma ambacho kingewaondolea wapagazi kazi na misafara njia. Kilichobaki cha ziara hiyo ni jina kwenye kibao cha stesheni.

Mji wa Kivoi haukubaki. Kasri lililopigwa mizinga halikubaki. Nyasi na mawe vyote vilikwenda, kimoja kwa mchwa na kingine kwa baruti. Tofauti ni kwamba kasri liliandikwa, likapigwa picha, likawekewa makumbusho. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya Kivoi tumeyapata kwa kuwa mgeni mmoja alikuwa na tabia ya kuandika shajara.

KAZI YA NYUMBANI

Hapo ndipo makala haya yanapokuhusu wewe na jamaa yako. Huenda bado unaye babu au nyanya huko Mwingi, Mutomo, Mbooni au Wote. Huyo ndiye thome iliyobaki. Mchwa wake ni uzee, na kila mwaka wa likizo unaopita bila kuulizwa huondoka na chumba kizima. Mwanafunzi, mwendee kwa adabu, msaidie kazi kwanza, ule naye muthokoi, kisha moto ukishawaka umwulize:

1. Ukoo wetu ni upi, na tulihamia hapa tukitoka wapi?

2. Ni njaa zipi alizoziona au kusimuliwa, na kila moja iliitwa nani?

3. Ni nani katika ukoo wetu aliyewahi kwenda pwani, kujenga reli, au kupigana vita vya Wazungu?

4. Shamba hili lilipatikanaje, na kabla yetu lilikuwa nini?

5. Kuna kilima, mti au jiwe lolote hapa lenye jina, na ni nani aliyelipa jina hilo?

Andika majibu kwa jinsi anavyoyasema, kwa Kikamba chake, pamoja na tarehe uliyoongea naye. Usimkatize kumsahihisha mwaka. Miaka utaitafuta maktabani. Ukiwa na simu, rekodi sauti, lakini uombe ruhusa kwanza. Ikiwa hukukulia ukisema Kikamba, mwombe shangazi au binamu akutafsirie, wala usione haya. Kuuliza si ujinga.

Baada ya hapo, mzazi, wapeleke watoto Unguja wakati wowote ukijaaliwa. Wasimame Mtoni ufuoni, kwenye magofu ya Seyyid Said, upepo wa bahari ukivuma. Mwongozaji atawaeleza habari za sultani, wake zake na bustani zake. Akimaliza na kuuliza kama kuna mwenye swali, natumaini mmoja wa watoto wako atainua mkono na kumwambia kwamba yeye anatoka kule zilikotoka pembe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya pembe ilikwisha zamani. Habari zake bado zinaweza kuokolewa, mradi daftari linunuliwe kabla ya likizo ijayo.